Habari Aliyoimeza Vifungo

Siku za mwisho za likizo, kibaraza cha Fundi hakikuwa na pa kukanyaga. Mashati meupe yalirundikana mezani, sketi za buluu zilining'inia kwenye kamba, na vipande vya kitambaa vilitapakaa sakafuni hadi mlangoni. Wazazi ni walewale kila mwaka. Likizo nzima wanajua kwamba shule itafunguliwa, lakini hawamkumbuki fundi mpaka maji yawafike shingoni. Hapo ndipo wanapokuja mbio, na kila mmoja anataka sare ya mwanawe itangulie.

Fundi huyo alikuwa mwanamke, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Kando yake, juu ya kigoda, alikaa binti yake wa miaka kumi na miwili, sindano mkononi. Kazi ya binti ilikuwa kushona vifungo. Alikuwa ameifanya kwa muda mrefu na kwa ustadi hivi kwamba mtaa mzima ulilisahau jina lake na kumwita Vifungo. Walimu nao walimwita hivyohivyo.

Mwaka huo Fundi alikuwa mjamzito, na tumbo lilikuwa limeanza kugusa meza ya cherehani. Tangu amzae Vifungo hakuwa amebeba mimba nyingine, na nyumba ilikuwa imengoja hadi ikakata tamaa. Sasa kila mtu alikuwa na lake la kusema. Baba, dereva wa malori ya masafa marefu, alipiga simu kila jioni kutoka huko aliko na kuuliza swali lilelile, "Mtoto amecheza leo?" Bibi, mama mzazi wa Fundi aliyeishi nao, hakumruhusu binti yake kuinua hata ndoo.

"Mke mwenzangu," Bibi alizoea kumtania Vifungo, "tunapata mtu mpya wa kutumwa dukani. Mimi na wewe tutakaa kitako na kutoa amri."

Vifungo alicheka. Lakini moyoni alikuwa na hofu kidogo, maana vitu vinavyongojewa sana vina tabia ya kuponyoka.

Mambo yalianza kuharibika kwa sababu ya shati. Mama alikuwa amempa kazi ya kupiga pasi mashati yaliyokamilika. Upande wa pili wa njia, jirani yao muuza mkaa alikuwa akisimulia ugomvi wa ukweni kwake. Mama huyo aliitwa Redio, na mkisikia jina mnajua sababu. Alikuwa hazimwi, na habari zake zilifika mwisho wa mtaa kabla ya saa sita. Vifungo alinyoosha shingo asikie vizuri. Alipokumbuka pasi, mgongo wa shati ulikuwa na alama ya hudhurungi yenye umbo la pasi kamili.

Alilikunja shati na kulisukuma chini kabisa ya gunia la vipande. Loo, akili ya mtoto! Shati utalificha, lakini harufu ya kuungua utaiweka wapi? Kabla jua halijashuka, Mama alikuwa ameshalifukua.

"Wewe mtoto! Kuunguza ni bahati mbaya, hata mimi nimeunguza. Lakini kuficha? Kesho mwenye shati anakuja, kitambaa chenyewe kimekwisha dukani, na mimi sina habari! Unataka kunipandisha presha?"

Vifungo aliinamisha kichwa. Mama akalirusha shati kwenye kona, akarudi kwenye cherehani akihema.

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya kliniki. Mkunga wa kliniki alikuwa mwanamke mrefu aliyeinama kila alipopita mlangoni, nao wagonjwa walimwita Sista Mrefu. Mama aliporudi kutoka huko, alivua viatu kwa shida.

"Sista anasema presha imepanda," alisema. "Nirudi baada ya siku chache aipime tena."

Kibarazani, Vifungo aliacha kushona.

"Si nilisema mimi?" Redio alidakia kutoka ng'ambo ya njia, kisha akavuka kabisa ili asikike vizuri. "Jana kelele zako zimefika kwangu, shoga. Mjamzito akiudhiwa damu hupanda kichwani! Na chumvi nayo uipunguze. Na uangalie macho ya watu, maana kazi zako zimekuwa nyingi mno."

"Sababu tatu kwa pumzi moja," Mama alisema akicheka. "Ungekuwa daktari, hospitali ingejaa."

Lakini Bibi hakucheka. Alimtazama binti yake miguuni kwa muda mrefu, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesikia hatua nyuma yake gizani. Kisha akamwita Vifungo jikoni na kufunga mlango.

"Kuanzia leo," alisema kwa sauti ya chini, "mama yako asifikiwe na habari mbaya. Awe ni mtu kafa, awe ni mwalimu kalalamika, awe ni baba yako kaharibikiwa na gari njiani. Tunameza. Mjamzito anapewa habari njema tu. Umenielewa?"

"Ndiyo, Bibi. Bibi… presha yake imepanda kwa sababu yangu?"

Bibi aligeukia sufuria. "Usimuudhi tena," ndilo jibu alilotoa. Na hilo, kwa masikio ya Vifungo, lilikuwa ni ndiyo.

Basi akawa mtoto mwingine. Alipika bila kutumwa, akafagia bila kutumwa, akashona vifungo hadi vidole vikamuuma. Lakini macho yake hayakumtoka mama, na kila alichokiona kilimtisha. Kwanza ilikuwa miguu. Vifundo vilivimba hadi Mama akawa anakanyaga cherehani kwa ndara za Bibi. Kisha ikawa mikono. Mama alikuwa na kastabini, kile kikofia cha chuma ambacho mafundi huvaa kidoleni ili sindano isiwachome. Alikuwa nayo tangu alipofundishwa kazi. Asubuhi moja alijaribu kuivaa ikagoma. Akajaribu kidole kingine, ikagoma pia.

"Chukua wewe," alimwambia Vifungo akiirusha. "Mdogo wako ananijaza maji tu. Akitoka nitakupokonya."

Vifungo akaitia mfukoni. Uso wa Mama nao, alipoutazama vizuri, ulikuwa umejaa, macho yamekuwa madogo.

Mama alirudi kliniki kama alivyoagizwa. Presha ilikuwa bado juu. Sista Mrefu alichukua mkojo wake na kuupeleka kwenye maabara ya hospitali kubwa, kwa kuwa vipimo vya pale kliniki vilikuwa vimekwisha. Siku iliyofuata Vifungo alitumwa kununua uzi mweupe, na nje ya duka akasikia mtu akimwita. Alikuwa Sista Mrefu, anakwenda haraka, mkoba begani.

"Heri nimekuona, nilikuwa natafuta nafasi ya kumpigia mama yako simu. Sikiliza vizuri. Majibu ya mkojo yamekuja, yana protini nyingi. Si habari nzuri. Mwambie aje kliniki kesho asubuhi bila kukosa. Na umuulize kama kichwa kinamuuma, kama anaona ukungu au vimulimuli, kama ana maumivu chini ya kifua. Akiwa na mojawapo, asingoje kesho. Aje saa hiyohiyo. Utakumbuka?"

"Nitakumbuka, Sista."

"Haya, kimbia."

Akakimbia kweli. Alikimbia akirudia maneno kinywani yasimwagike: protini, kesho asubuhi, kichwa, vimulimuli, chini ya kifua. Alipokata kona akamwona Mama kibarazani, anaimba huku cherehani ikimwitikia, na Bibi anakunja sketi pembeni. Mama alikuwa hajaimba siku nyingi.

"Mbona unahema hivyo?" Mama aliuliza. "Kuna nini?"

Bibi aliinua macho. Hakusema neno, lakini Vifungo aliyasoma macho yale barabara. *Tunameza.* Akaona shati lililoungua likitupwa kwenye kona, akasikia ile sauti ikisema, "Unataka kunipandisha presha?" Akimwambia sasa, si ataimaliza kabisa kazi aliyoianza?

"Hakuna kitu, Mama," alisema. "Uzi umepatikana."

Akaimeza. Habari nzima, na maswali yake yote, ikateremka na kukaa tumboni mwake mithili ya jiwe.

Asubuhi ya kliniki ikaja, na Mama hakwenda, kwani nani angemwambia? Alikaa kwenye cherehani, kichwa amekifunga kitambaa kwa nguvu.

"Kichwa kinagonga," alilalamika. "Ni hizi sare. Zikiisha nitalala wiki nzima."

Vifungo alijichoma sindano. Hakusikia maumivu. Kichwa! Hilo lilikuwa swali la kwanza la Sista. Alimtazama Bibi, naye Bibi alikuwa akitazama pembeni. Baadaye Mama alimpa shati atie vifungo, na Vifungo alipoligeuza akapigwa na butwaa. Mkono mmoja ulikuwa umeshonwa ndani nje. Mama yake, ambaye angeweza kushona shati huku akiota ndoto, ameshona mkono ndani nje na asione! Vifungo aliufumua kimyakimya, akaushona upya yeye mwenyewe kwa mkono. Siri ya pili ikaenda kukaa juu ya ile ya kwanza.

Jioni Baba alipiga simu. "Mtoto amecheza leo?"

"Amecheza kidogo," Mama alijibu. "Amechoka kama mimi."

Siku iliyofuata kulipambazuka vibaya. Mawingu yalikuwa mazito, hewa haitembei. Mama hakutaka chai. Alikaa kwenye kiti chake, akachukua uzi, akaupeleka kwenye tundu la sindano ukapita pembeni. Akarudia mara nyingine, ukapita pembeni.

"Sindano ziko mbili," alisema polepole. "Na nani kawasha taa? Kuna vimulimuli hapa."

Hapakuwa na taa. Ilikuwa asubuhi. Mama akaweka mkono juu ya tumbo, chini ya kifua, akajikunja.

"Kiungulia hicho," Bibi alisema, lakini sauti yake ilitetemeka. "Ngoja nikuletee maji ya uvuguvugu."

"Kiungulia gani hiki? Hapa kwenye chembe cha moyo, pananikata."

Redio alikuwa amekuja kuchukua sare za wanawe. Akatikisa kichwa. "Nilisema mimi. Hilo jicho la watu. Kazi nyingi zinaleta kijicho."

"Si jicho!" Sauti ilitoka kwa nguvu hadi Vifungo mwenyewe akashtuka. "Si kijicho wala kiungulia! Sista alisema…"

"Nyamaza!" Bibi alimkatiza. "Tulikubaliana nini?"

"Nimenyamaza, Bibi! Nimenyamaza juzi, nimenyamaza jana, na Mama anazidi kuumwa!" Machozi yalimtoka, maneno nayo yakamtoka yote kwa pamoja. "Mama, Sista alinituma. Mkojo wako una protini nyingi. Ulitakiwa kliniki jana asubuhi. Alisema kama kichwa kinauma, kama unaona vimulimuli, kama unaumwa chini ya kifua, uende saa hiyohiyo. Vyote unavyo, Mama! Vyote! Nisamehe, niliogopa kukupandisha presha tena."

Kikombe cha chai kilimponyoka Bibi kikavunjika, wala hakuna aliyekitazama.

"Vimulimuli," Bibi alisema. Alishika nguzo ya kibaraza. "Hivyohivyo. Naye alisema hivyohivyo."

"Nani, Mama?" Fundi aliuliza, macho ameyafumba kwa maumivu.

"Dada yako."

Ukutani sebuleni palikuwa na picha ya msichana mwenye mashavu ya mviringo. Vifungo alimjua kwa picha tu. Alikuwa mama yake mkubwa, kifungua mimba wa Bibi, aliyefariki wakati Fundi mwenyewe akiwa bado mtoto. Malaria, ndivyo nyumba nzima ilivyosema siku zote.

"Hakufa kwa malaria," Bibi alisema. "Alikuwa mjamzito. Alivimba hivi, akalia kichwa hivi, akaona vimulimuli, kisha degedege likamkamata hapo mbele ya macho yangu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ana pepo, kwamba ukoo wetu una laana. Nikasema malaria ili na wewe usije ukakosa mtu wa kukuoa. Nikalifunga jambo hilo nikaliweka."

"Sista aliniuliza," Fundi alisema kwa sauti nyembamba. "Siku ya kwanza kabisa, kama katika ukoo kuna aliyepatwa na presha au kifafa cha mimba. Nikamjibu hakuna."

Redio, kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa ule, alikosa la kusema. Lakini hakukosa la kufanya. Alirukia katikati ya barabara, akatanua mikono, akapiga ukelele ambao nadhani hata viziwi waliusikia. "Mwenye gari! Mwenye gari! Kuna mtu anakufa hapa!" Pikapu ya kusambaza unga ikasimama kwa kishindo, maana dereva angefanyaje? Angemkanyaga? Wakampakia Fundi juu ya magunia, Bibi kamkumbatia, na Vifungo na Redio wakajibanza nyuma. Walifika kliniki weupe kama waliopakwa chokaa.

Sista Mrefu alitoka mbio. Alimlaza Mama kitandani, akamfunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo. Alipotazama kipimo, uso wake ulibadilika.

"Jana nilikungoja," alisema. "Kwa nini hukuja?"

Vifungo alifungua kinywa ili aseme ukweli. Hakuwahi. Vidole vya Mama vilianza kucheza, kisha mkono, kisha mwili wote ukakakamaa na kutikisika, meno yakagongana, macho yakageuka. Vifungo alipiga kelele. Mtu alimshika mabega akamtoa nje, na jambo la mwisho aliloliona ni Sista Mrefu akimgeuza Mama kwa ubavu huku akiita, "Leteni sindano ya degedege! Piga simu, gari la wagonjwa, haraka!"

Gari la wagonjwa lilipokuja, Mama alibebwa kwenye machela, hatikisiki tena. Vifungo aliona mkono wake ukining'inia, umevimba. Bibi alipanda naye. Mlango ukafungwa, king'ora kikalia, kikapungua, kikapotea kuelekea hospitali kubwa.

Akabaki kwenye benchi pamoja na Redio. Mfukoni alishika ile kastabini, akaibana hadi kiganja kikauma. *Akitoka nitakupokonya*, Mama alikuwa amesema. Je, asiporudi kuipokonya? Ndani ya mkoba wa Mama, alioachiwa yeye, simu ikaanza kulia. Alikuwa Baba.

Redio aliitazama simu, akamtazama Vifungo. "Nipe mimi nimwambie yote salama," alinong'ona. "Yuko njiani, anaendesha. Utamtia wazimu bure."

Vifungo alitikisa kichwa. Akapokea simu mwenyewe; koo lake lilikuwa limekataa kumeza tena.

"Baba, simamisha gari kwanza pembeni. Umesimama? Mama ameshikwa na kifafa cha mimba. Amepelekwa hospitali kubwa. Ni mgonjwa sana. Sijui kama…" Sauti ikakatika.

Upande wa pili akasikia injini ikizimwa. Kisha Baba akasema, "Umefanya vizuri kuniambia, mwanangu. Sana. Nageuza."

Mtoto alitolewa kwa upasuaji jioni ileile. Alikuwa wa kike, mdogo hivi kwamba nesi alimbeba kwa kiganja na nusu, naye akalazwa kwenye chumba cha joto cha watoto njiti. Mama hakuamka. Hakuamka siku hiyo wala iliyofuata. Baba alifika na vumbi la safari, akakaa kando ya kitanda bila kunawa uso. Bibi alikaa upande wa pili, akihesabu pumzi za binti yake. Nyumbani, cherehani ilikaa kimya chini ya kitambaa chake, na mashati yakaendelea kusubiri vifungo.

Siku ya tatu Mama akafumbua macho. Aliwatazama mmoja mmoja kana kwamba anawapima nguo. Kisha akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Amecheza leo?"

Baba, mtu mzima yule, dereva wa malori, alilia hadi nesi akamwambia atoke nje. Mnacheka? Ningekuwepo hata mimi ningelia.

Sista Mrefu alikuja kuwaona siku yake ya mapumziko. Alimkuta Vifungo kwenye veranda ya wodi, amekaa peke yake, akaketi naye, magoti yake marefu yakimfika karibu na kidevu.

"Sista," Vifungo alisema bila kumtazama, "niliunguza shati nikalificha. Mama alikasirika sana, kesho yake presha ikapanda. Ni mimi niliyemletea?"

"Alaa! Hilo ndilo ulilokuwa umelibeba siku zote hizi?" Sista alimgeuza uso. "Sikiliza, binti ya fundi. Mtoto akiwa tumboni analishwa na kondo la nyuma. Kondo hilo linajishikiza kwenye mji wa mimba, kama kiraka kwenye nguo, na mishipa ya damu ya mama mahali hapo inatakiwa itanuke ili damu ipite kwa wingi. Kwa akina mama wengine haitanuki sawasawa. Damu inapita kwa shida, na shida hiyo inaenea mwilini. Presha inapanda, figo zinavujisha protini, kichwa na macho vinasumbuka. Sasa, kiraka hicho kilianza kushonwa kabla hata tumbo la mama yako halijaonekana. Shati lako umeliunguza lini?"

"Mwezi huu."

"Basi! Hasira inaweza kusukuma presha juu kwa kitambo, kisha ikashuka. Haimletei mtu ugonjwa huu. Chumvi haiuleti, na kijicho hakiuleti hata kidogo, kamwambie yule jirani yenu."

"Kwa nini umpate Mama basi?"

"Hata mabingwa hawajui yote, nisikudanganye. Lakini tunajua nani wa kumwangalia kwa makini. Anayebeba mimba ya kwanza. Mwenye mapacha. Mwenye kisukari, au figo mbovu, au presha ya tangu zamani, au uzito uliozidi sana. Mama yako amekaribia miaka arobaini, na amekaa muda mrefu bila kuzaa. Na kubwa zaidi, dada yake. Ningejua habari za dada yake mapema, daktari angeweza kumwanzishia vidonge vya kupunguza hatari tangu miezi ya mwanzo, na mimi ningempima mara kwa mara." Akavuta pumzi. "Hata mimi nina kosa langu. Ujumbe mzito kama ule haupewi mtoto, nilitakiwa nije mwenyewe. Lakini na wewe ujue, kama ungenyamaza asubuhi ile nayo ikapita, leo tusingekuwa tunazungumza hivi."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Alikuja akaketi chini sakafuni, miguuni pa mjukuu wake, mahali ambapo mtu wa umri wake haketi.

"Wahenga walisema, mficha uchi hazai," alisema. "Nimeyasema maneno hayo kwa watu wengi, mimi. Nyumbani kwangu nikafanya kinyume. Nilidhani namkinga binti yangu, kumbe nilimfumba macho. Mke mwenzangu, nilikufundisha kumeza. Nisamehe. Usimeze tena."

Wiki zilipita. Shule ilifunguliwa, na wengine walivaa sare za mwaka uliopita wala hawakufa. Mtoto aliongezeka kidogo kidogo hadi akaruhusiwa kwenda nyumbani, lakini nguo zote walizomwandalia zilimmeza. Mama, ambaye bado alikuwa anachoka haraka, alikaa kwenye cherehani kwa mara ya kwanza akaanza kupekua gunia la vipande. Akachomoa shati lililoungua, lililokuwa limerudishwa humo.

Vifungo alitazama chini.

"Njoo uone," Mama alimwita. Alilitandaza mezani. Akakata mgongo wenye alama ya pasi akautupa. Kifua cha shati kilikuwa kizima, cheupe pe, na mikono pia. Mkasi ukapita, cherehani ikaimba kidogo, na punde pakawa na kigauni cha mtoto mdogo kuliko wote mtaani.

"Shati lililoungua ukiniletea palepale, natoa kitu," Mama alisema. "Ukilificha nalidhania bovu lote. Habari mbaya ni hivyohivyo, mwanangu. Ikija mapema, ina kipande kizima cha kukata. Ikicheleweshwa, inaungua yote. Na kuna jambo jingine ulikumbuke utakapokuwa mkubwa. Siku utakapobeba mimba, ukiulizwa kliniki habari za ukoo, usiseme hakuna. Sema mama yangu, na mama yangu mkubwa. Mdogo wako naye utamwambia. Mimi sikuambiwa."

"Nitasema, Mama."

"Haya, tia vifungo. Vidogo. Na hiyo kastabini nirudishie, nilikuahidi nitakupokonya."

Vifungo aliitoa mfukoni. Ilimwingia Mama kidoleni bila shida.

Alasiri iliyofuata, akitoka shuleni, alipita kliniki kuchukua vidonge vya Mama. Sista Mrefu alimtoa pembeni. Presha ambayo mwenzake alimpima Mama asubuhi ilikuwa bado haijashuka ipasavyo. Hatari huwa haiishi siku ya kujifungua, alisema. Ingefaa arudi kuonana na daktari, na yeye Sista angempigia simu sasa hivi, ila laini ilikuwa haishiki; jioni angepita mwenyewe.

"Nitamwambia," Vifungo alisema.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia, Sista."

Alikimbia. Alipokata kona alimsikia Mama akiimba kibarazani, mtoto mapajani amevaa kigauni cheupe, na Bibi anakunja nepi pembeni. Walikuwa wazuri kutazama. Vifungo alisimama mbele yao, mkoba wa shule bado mgongoni, kifua kinapanda na kushuka.

"Mama, nina habari mbaya," alisema.

Wimbo ukakatika. Bibi akainua macho, na safari hii akatikisa kichwa kumkubalia.

Mama akampa Bibi mtoto, akajifuta mikono, akamtazama binti yake usoni. "Haya," alisema, "nipe yote."